Huna bandama na mbwa kakukwaruza kwa jino: nenda leo, usingoje homa

Ndugu muulizaji, unasema bandama ilitolewa miaka sita iliyopita, jana mbwa kakukwaruza kwa jino, kidonda kidogo, homa hakuna. Unauliza kama kuna haja ya hospitali. Ipo, na ni leo.

Mdomoni mwa mbwa wengi wazima (na paka pia) huishi bakteria aitwaye Capnocytophaga canimorsus. Mwenye bandama mara nyingi hata hajui kama bakteria huyo yupo. Bandama huchuja damu na kunasa bakteria ambao bado hawajawekewa alama na kingamwili. Isipokuwepo, wanazaliana kwenye damu bila kizuizi. Ukubwa wa kidonda hausemi lolote. Hata kulambwa penye mchubuko kunatosha.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kisha dawa ya kinga kabla ya dalili: kwa kawaida mtu mzima hupewa amoksilini yenye klavulaneti, 875/125 mg mara mbili kwa siku, siku 3 hadi 5. Kama penisilini inakudhuru, daktari achague nyingine. Waulize pia kuhusu pepopunda na kichaa cha mbwa.

Dalili zikija, mara nyingi ni ndani ya siku 3 hadi 5, ingawa zinaweza kuchelewa hadi wiki mbili. Hapa ndipo watu wanapopotea: inaanza kama mafua, au kutapika na kuharisha, mgonjwa anameza paracetamol, joto linashuka, analala. Ndani ya saa 24 hadi 48 presha inaporomoka, madoa ya zambarau yanatokea, vidole vinakuwa vyeusi. Kwa hiyo homa ya 38 au kutetemeka kwa baridi: meza dozi ya akiba (antibayotiki ambayo daktari amekuandikia uiweke kwa dharura kama hii), na uondoke kwenda hospitali. Dozi hiyo ni ya njiani, si ya kubaki nayo nyumbani.

Mapokezi sema sentensi moja: "Sina bandama, nina homa, nimeng'atwa na mbwa." Damu ya kuotesha (inayowekwa kwenye chupa maabara ili bakteria akue na atambulike) ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya mshipa, lakini sindano isicheleweshwe kwa sababu hiyo. Maabara waambiwe habari ya mbwa, maana bakteria huyu hukua polepole na anataka hewa yenye kaboni dayoksaidi. Chupa ikitupwa mapema, jibu litasoma "hakuna kilichoota" na wengi hulipokea kama habari njema. Kutazama damu kwa darubini kunaweza kumwonyesha ndani ya chembe nyeupe siku hiyohiyo. Antibayotiki ya gentamisini peke yake haimtoshi.

Chanjo yake haipo. Ulizonazo, au unazopaswa kuwa nazo, ni za bakteria wengine watatu: nimokoka, meningokoka na Hib (Haemophilus influenzae aina b), na hao nimokoka ndio wauaji wakuu wa wasio na bandama, mbwa awepo asiwepo. Upasuaji wa kutoa bandama ukiwa wa kupangwa: chanjo angalau wiki 2 kabla. Wa dharura: kuanzia siku ya 14 baada yake.

Wenye selimundu, haya yanawahusu hata kama hamjawahi kupasuliwa. Bandama zenu mara nyingi hufa kazi utotoni.