Barua kwa mwanangu anayekwenda Maskati

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ila baba yako bado anakohoa. Umeniuliza kuhusu zile shilingi milioni tatu ulizoweka kwa ajili ya arusi ya binti wa mjomba wako: uzivunje hapo Unguja kabla ya kuondoka, au uzichukue hivyo hivyo ukazivunje Maskati, kwa kuwa umesikia kwamba kule maduka ya fedha ni mengi na bei zao ni nzuri. Uliyoyasikia ni kweli, lakini si kwa shilingi.

Shilingi yetu haina wateja wengi nje ya Afrika Mashariki. Mwenye duka kule akiinunua hajui atamuuzia nani, kwa hiyo ama ataikataa, ama atataja bei ya chini ili asije akapata hasara yeye. Mimi hili nililijua kwa gharama. Safari yangu ya kwanza ya biashara Dubai nilikuwa na laki nne mkobani, nikasema si neno, nitazivunja hukohuko. Kijana wa dirishani alizishika zile noti za elfu kumi, akamtazama yule tembo, akamwonyesha mwenzake, wakacheka kidogo kwa adabu, kisha akanirudishia chini ya kioo. Nilirudi nazo Pemba kama zilivyoondoka.

Basi vunja Unguja. Swali zito ni jingine, nawe hukuliuliza: ununue dola, au ununue riali, fedha ya Omani, moja kwa moja? Kila fedha inapobadilishwa kuna mtu anayekata chake, na ukienda kwa dola utakatwa mara mbili, mara moja Unguja na mara ya pili Maskati. Hata hivyo njia fupi si lazima iwe rahisi, kwa sababu riali hazipatikani kila duka, na mwenye nazo anaweza kuongeza bei apendavyo. Uzuri ni kwamba bei yake unaweza kuipima mwenyewe. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, na bei yake ya sasa haijabadilika tangu 1986. Haipandi wala haishuki mbele yake, na riali moja ni sawa na dola 2.6. Kwa hiyo uliza kwanza dola inauzwa shilingi ngapi, kisha zidisha kwa 2.6. Nikichukua tarakimu za mfano tu, dola ikiuzwa 2,600, riali ingestahili kuwa 6,760. Ukiambiwa 6,800, nunua riali na shughuli imekwisha. Ukiambiwa 7,200, mshukuru, nunua dola.

Utakapokuwa mbele ya ubao wa bei, usichanganye safu mbili zile kama wengi wanavyofanya. Bei ya kununua ni ile ambayo duka linanunulia dola za mtu. Wewe unayetaka dola utalipa bei ya kuuza, ambayo daima ni kubwa zaidi. Wala usitosheke na ubao. Muulize karani: "Nikikupa milioni tatu, utanipa mkononi dola ngapi kamili?" Hapo ndipo ada ambazo hazikuandikwa hujitokeza. Pita maduka mawili matatu yenye leseni pale Mji Mkongwe, yatosha. Kwa fedha zako, tofauti ya shilingi 30 katika kila dola ni kama dola 13, nazo hazistahili kukupotezea siku nzima juani. Anayekuita pembeni mwa njia akikuahidi bei ya juu kuliko zote, mwache aende zake.

Ukinunua dola, omba noti za mia mia, kwa kuwa maduka mengi hununua noti ndogo kwa bei ya chini. Kabla ya kutoka dukani tazama mwaka ulioandikwa katika kila noti, na zile za kabla ya 2006 uzirudishe papo hapo, pamoja na zilizochanika au kuchorwa kwa kalamu. Niliwahi kupewa noti moja ya 2003 katikati ya kibunda, nami nikaja kuigundua nimeshavuka bahari. Risiti itunze mpaka urudi.

Maskati penyewe, uwanja wa ndege vunja nauli ya teksi tu. Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko ile ya kuzungukia maduka ya Unguja. Dola mia moja ni riali 38 na baisa 450 kwa bei rasmi (baisa elfu moja ndiyo riali moja). Duka likikupa riali 38 na ushei, pokea. Likikupa 36 na nusu, kwa dola zako elfu moja na mia na kitu utakuwa umeacha mezani riali zaidi ya 20. Subiri ufike Ruwi au Matrah, ambako maduka yako mengi na yanashindana, na usishangae karani akikujibu kwa Kiswahili kilekile cha nyumbani.

Kadi ya benki ichukue kwa dharura, na uiarifu benki yako kwamba unasafiri. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa riali, chagua riali. Ukichagua shilingi, wao ndio watakaokufanyia hesabu ya kubadilisha, na sijaiona hata siku moja ikamfaa mteja. Kwa vile ada ya kutoa fedha mara nyingi hukatwa kila unapotoa, toa kiasi cha kutosha kwa mara moja.

Usivunje dola zote siku ya kwanza, kwani riali zitakazobaki utaziuza Unguja kwa bei ya kununua na kupunjwa tena, na sarafu za baisa hakuna duka litakalozitazama. Hizo zimalizie kwenye halua, ingawa mimi bado naiona ya Wete ndiyo halua.

Kesho ukipita madukani nipigie kabla hujalipa, unitajie bei ya dola na bei ya riali, tuzidishe pamoja.

Mama yako