Swali la lugha: Fisi akigeuka mtu, ni nani anayebaki?

Swali: Ninafundisha Kiswahili gredi ya 8 katika shule moja karibu na Ahero. Mwanafunzi wangu aliandika insha kuhusu fisi aliyekula mzizi kando ya Mto Nyando, akageuka mwanamume, akaoa, akalima mpunga, na akasahau kabisa kwamba aliwahi kuwa fisi. Mahali pamoja ameandika "fisi akageukia mwanamume", kwingine "fisi alijigeuza mwanamume". Mwenzangu katika majilisi ya walimu anashikilia kwamba ni lazima iwe "akageuka kuwa mwanamume". Mimi nimezoea "akageuka mwanamume". Baada ya fisi kugeuka, mwanafunzi anamwita mhusika huyo "fisi wa zamani". Mwishoni mwanamume huyo anasikia kicheko cha fisi usiku kutoka mtoni, na "manyoya ya shingo yakamsimama", wala hajui kwa nini. Nimelikata "manyoya" kwa kalamu nyekundu nikaandika "malaika", yaani vinywele laini vya mwili, maana binadamu hana manyoya. Je, nimesahihisha ipasavyo?

Jibu: Mwalimu, kwanza mpe mtoto huyo hongera zangu. Kisa chake kimegusa mahali ambapo sarufi ya Kiswahili na uhai wa mhusika vinakutana, na wengi wetu tumepita hapo miaka mingi bila kusimama.

Tuanze na kosa lililo wazi. "Akageukia mwanamume" haifai. Kiambishi cha kutendea kikiingia kwenye "geuka", kitenzi kinapata mahali pa kuelekea: nilimgeukia jirani nikamuuliza bei; mvua ilipokosa, wakulima waligeukia mtama; rafiki zake wote walimgeukia, yaani walimwasi. Fisi akimgeukia mwanamume, amemwelekezea meno, na mwanamume huyo yumo hatarini. Mtoto alitaka kusema fisi amekuwa mwanamume, sentensi ikasema fisi anakaribia kumla. Hapo kalamu yako nyekundu ilikuwa na haki yake yote.

Kuhusu "kuwa", wewe na mwenzako nyote mko sawa, na mnaweza kunywa chai pamoja. "Geuka" ni kitenzi chenye nguvu ya kubeba jina moja kwa moja: maji yaligeuka damu, msichana akageuka ndege, fisi akageuka mtu. "Kuwa" inapoongezwa haiharibu kitu. Mimi huiacha jina linapokuwa fupi na tukio linapokuwa la ghafla, na huitia jina linapofuatwa na maelezo marefu: "akageuka kuwa mwanamume mrefu mwenye sauti nzito na macho yasiyotulia". Bila "kuwa", msururu huo wote ungemlemea msomaji. Ninachokikataa ni "akageuka ndani ya mwanamume", ambayo nimekutana nayo kwenye insha zaidi ya moja. Hicho ni Kiingereza kilichovalishwa kanga. Na kuna wakati hata "geuka" haihitajiki. Wafasiri wa Biblia walipofika kwa mke wa Lutu, katika Mwanzo 19:26, waliandika kwamba alitazama nyuma yake, "akawa nguzo ya chumvi". Neno moja tu, akawa, na mwanamke hayupo tena.

Jaribu sasa kuweka "badilika" mahali pa "geuka" na utaona haliwezi kazi hiyo peke yake. "Fisi akabadilika mwanamume" inachechemea. Sikio linadai "kuwa". Sababu ni kwamba jina linalofuata "badilika" kwa kawaida hutaja kile kilichobadilika. Kinyonga anapobadilika rangi, rangi ndiyo iliyobadilika, kinyonga ni yule yule. Maji yanapogeuka damu, damu ndiyo matokeo, na maji yamekwisha. Ni kweli watu husema pia "aligeuka rangi", kwa hiyo mpaka huu una matundu, lakini mwelekeo ndio huo: anayebadilika bado ni yeye mwenye hali mpya, anayegeuka huenda si yeye tena. Sikiliza hata kina mama sokoni wakimzungumzia kijana aliyetoka mjini. "Amebadilika" inaweza kuwa sifa. "Amegeuka" ni kilio.

Sasa "alijigeuza". Hapa ningekuomba usiishie kuweka alama ya kosa, kwa sababu sarufi yake ni safi kabisa. Tatizo liko kwenye kisa. Tuna vitenzi vitatu vya jambo hili na kila kimoja kinamjibu msomaji swali la nani aliyefanya. "Aligeuka" inasema ilitokea. "Aligeuzwa" inasema kuna mkono mwingine, wa mganga au wa Mungu. "Alijigeuza" inasema fisi mwenyewe alitaka, alijua, na anaendelea kujua. Zimwi likijigeuza kijana mtanashati ili limwoe msichana aliyewakataa wachumba wote, ndani ya shati lile ni zimwi. Linakumbuka njaa yake na linangoja usiku. Kiambishi "ji-" kinamhifadhi mtendaji. Kwa hiyo fisi wa mwanafunzi wako, ambaye alikula mzizi bila kujua na akasahau asili yake, hawezi kuwa alijigeuza. Aligeuka. Ukimweleza hivyo ataona kwamba umekosoa hadithi yake kama mwandishi mwenzake, na hilo mtoto halisahau.

Ninahisi pia najua "alijigeuza" ilitoka wapi. Mtoto anayezungumza Dholuo, lugha ya Waluo, nyumbani ana kitenzi "lokore", ambacho hubeba kugeuka na kubadilika kwa pamoja, na ile "-re" ya mwishoni hurudisha tendo kwa mtendaji, kama "ji-" yetu. Alipohamia Kiswahili alibeba "-re" yake kwa uaminifu. Hilo si uzembe, ni mtoto anayesikiliza lugha mbili kwa makini, na anahitaji tu kuonyeshwa kwamba Kiswahili kimezigawa kazi hizo.

Nije sasa kwenye upatanisho wa kisarufi, ambao hukuuliza lakini ndio kiini cha jambo lenyewe.

Chukua Nyamgondho wa Gwassi, kule kaunti ya Homa Bay. Wengi wa wanafunzi wako wanakijua kisa chake: mvuvi maskini, kizee aliyenaswa katika nyavu zake, mifugo iliyojaa boma, matusi ya ulevi, kisha kizee akarudi ziwani na mali yote ikimfuata. Nyamgondho akasimama ukingoni ameegemea fimbo, akageuka mti. Mwambie mwanafunzi aandike sentensi inayofuata. Ataandika "amesimama pale hadi leo" au "umesimama pale hadi leo"? Akisema "amesimama", Nyamgondho bado yumo ndani ya gome, bado anatazama maji. Akisema "umesimama", ni mti tu, na ndege wanaweza kutua juu yake bila kumsumbua mtu. Silabi moja inaamua kama mtu amekufa.

Vivyo hivyo kwa Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, katika uwanda wa Kano, ambako nyinyi wa Ahero ndiko nyumbani. Mkuki haukumpenya, mpaka siri ya kivuli chake ilipojulikana. Mkuki ukachoma kivuli, shujaa akaanguka, akageuka jiwe. "Lwanda" katika Dholuo ni mwamba, kwa hiyo jina lake lilikuwa limeshatangulia kufika. Nimewasikia wazee wakisimulia kwa Kiswahili wakianza na "jiwe lipo", na kabla sentensi haijaisha wameshasema "yuko pale". Sijawahi kumsahihisha mzee anayefanya hivyo. Anajua anachokisema.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kitenzi cha kugeuka ni cha yule aliyegeuka, na vitenzi vinavyofuata ni vya yule aliyetokea. Katika kitabu cha Kutoka, fimbo inatupwa chini, nayo "ikawa nyoka". I-, kwa sababu aliyekuwa akigeuka ni fimbo. Nyoka huyo angetambaa, angekuwa ametambaa kwa a-. Na zimwi: "Zimwi likageuka kijana, akabisha hodi." Kati ya "likageuka" na "akabisha" ngeli imehama, na msomaji amehisi mlango ukifungwa nyuma ya zimwi. Anayetaka msomaji aendelee kuogopa ataandika "likageuka kijana, likabisha hodi", na kila "li-" itakuwa kama mkia unaochungulia chini ya kanzu. Zote mbili ni Kiswahili. Mwandishi achague, kisha asiyumbe.

Lakini fisi wa mwanafunzi wako hana bahati hiyo. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kimewaweka wanyama na watu katika upatanisho mmoja. Fisi anakula, mtu anakula. Fisi alikuja, mtu alikuja. Fisi akigeuka mtu, hakuna kiambishi kitakachotikisika. Lugha yetu imekwisha kumpa fisi nafasi ya mtu tangu mwanzo, na hilo nalipenda sana, ila linamwachia mwandishi kazi ya ziada: badiliko ambalo kiambishi hakiwezi kulionyesha, lazima lionyeshwe na majina.

Hapo ndipo "fisi wa zamani" inapoanguka. Msomaji atafikiri ni fisi aliyeishi enzi za mababu. Kwa cheo au hali iliyopita tuna "aliyekuwa", ile ile ya "aliyekuwa gavana". "Yule aliyekuwa fisi" ingetosha, na itumike mara moja au mbili tu, kwenye sehemu msimulizi anapotaka kutukumbusha. Kwingine aandike "mwanamume yule" na amwache aishi. Kama mhusika aliitwa Fisi kwa herufi kubwa tangu mwanzo, kama jina lake, basi jina linaweza kubaki hata baada ya umbo kuondoka. Watu hubaki na majina yasiyowafaa maisha yao yote. Ajihadhari tu na sentensi kama "mwanamume yule alikuwa fisi". Msomaji wa Kondele au Nakuru atasikia tusi, kwamba jamaa ana tamaa ya chakula au ya wanawake, na muujiza wa mzizi utapotea palepale.

Majina mengine yanayofanya kazi hii ni yale ya mwili na maisha, na hapa Kiswahili ni tajiri. Fisi dume akigeuka anakuwa mwanamume; makucha yanakuwa kucha; tundu linakuwa nyumba; na siku akifa, kilichokuwa kiitwe mzoga kinaitwa maiti. Mwandishi akiyahamisha maneno haya moja baada ya jingine, msomaji anamwona mnyama akitoweka bila kuambiwa. Mfano: asubuhi ya kwanza anaamka tunduni, ya pili anaamka nyumbani, na hakuna aliyeeleza lolote.

Na manyoya yanakuwa malaika, yale malaika laini ya mikononi na shingoni mwa binadamu. Kwa msamiati mtupu umesahihisha kwa haki, mwalimu. Ingekuwa insha kuhusu mtu aliyetishwa na mwizi gizani, ningekata kama ulivyokata: malaika yakamsimama, au nywele zikamsimama, basi.

Lakini rudi uisome insha ile tena, taratibu. Mwanamume ana mke, ana shamba la mpunga, ana jina. Kumbukumbu yake imefutika. Kila neno katika ukurasa ule limekwisha kumkubali kuwa mtu. Kisha usiku, kutoka upande wa mto, kicheko. Hajui ni cha nani. Akili yake haina jibu, ulimi wake hauna jibu, ila shingo yake inajua, na shingo ile haina malaika. Ina manyoya. Katika insha nzima hilo ndilo neno pekee ambalo fisi amebakiwa nalo, na mtoto wako, kwa kujua au kwa kusikia tu, aliliweka mahali hasa lilipotakiwa.

Tafadhali, kesho ukiingia darasani, lifute "malaika" na umrudishie "manyoya" yake.