Kutoka kwenye Vim bila kuzima kompyuta

Mdogo wangu, umesema umefungua faili kwa Vim, ile programu ya kuhariri maandishi, hapo hosteli Dodoma, herufi zikagoma kuandikika, ukaishia kuzima kompyuta. Pole, wengi tumepita hapo. Vim ikifunguka inasubiri amri, siyo maandishi. Bonyeza i ndipo uandike. Ukimaliza bonyeza Esc, andika :wq kisha Enter. Imehifadhi na kufunga. Umeharibu? :q! inatoka bila kuhifadhi. Nikipotea, mimi hugonga Esc mara mbili, basi.

Wiki ya kwanza zikutoshe amri chache: x inafuta herufi, dd mstari mzima, u inarudisha ulichofuta. Jaribu 3dd uone mistari mitatu ikiondoka kwa mkupuo. Kusogea ni h, j, k, l, ila mishale nayo inafanya kazi, usione aibu. Angalia Caps Lock: ikiwaka, j inakuwa J na mistari inaungana. Ilinitesa jioni nzima pale Area C nikidhani kibodi imekufa.

Halafu andika vimtutor kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri za kompyuta; ni somo la nusu saa hivi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, fungua tena kwa vim -r na jina la faili, mara nyingi utaokoa karibu yote.