Mwanangu anataka kwenda jeshini: akifika vitani, atakuwa na hiari?

SWALI

Mwangaluka, wakili. Mimi nauza dagaa mwalo wa Kirumba, nakaa Igoma. Mwanangu wa pili kamaliza kidato cha sita, karudi JKT juzi, na sasa anasema atajitolea apate kuingia JWTZ. Moyo wangu hautulii. Baba yangu alikwenda vita ya Kagera, ile ya kupigana na Idi Amin wa Uganda, akiwa mgambo. Alirudi na viungo vyake vyote, lakini mpaka leo radi ikipiga usiku anatoka kitandani anakwenda kukaa chini ya dirisha. Ukimuuliza, hasemi. Naomba unieleze kisheria: kijana akipelekwa vitani akaamriwa kuua watu wasio na hatia, anaweza kukataa? Na akitaka kuacha kazi vita ikiwa imeshaanza, inakuwaje? Nikimuuliza mwenyewe anacheka, "mama, amri ni amri."

JIBU

Mwangaluka, mama. Acha nianze na hiyo "amri ni amri", maana kijana kaiokota kwenye gwaride na ataibeba mpaka siku itakapomponza.

Sheria inayomshika askari wa JWTZ ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Inamwadhibu askari anayekaidi amri halali ya mkubwa wake. Sisi mawakili mkate wetu uko kwenye maneno madogo kama hilo "halali". Amri isiyo halali haimbani askari kisheria, na akiitekeleza hawezi kujificha nyuma ya aliyeitoa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na ibara yake ya 33 inasema kwamba kuamriwa hakukuondolei kosa, isipokuwa mambo matatu yakutane kwa pamoja: ulikuwa na wajibu wa kisheria kutii, hukujua kwamba amri ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa dhahiri. Kisha ibara inaongeza kwamba amri ya mauaji ya kimbari au ya jinai dhidi ya ubinadamu ni haramu dhahiri siku zote. Hapo hakuna "sikujua".

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako la kwanza ni ndiyo. Anaweza kukataa, na kisheria anatakiwa akatae. Mateka aliyenyoosha mikono, majeruhi aliyelala, mama aliyejifungia ndani na watoto wake: amri ya kuwaua hao haihitaji wakili wa kuipima.

Lakini wewe hukuniandikia upate jibu fupi.

Amri nyingi za vitani haziji na sura hiyo. Kijana wa cheo cha chini haoni ramani. Anaambiwa "piga lile jengo", hajui ndani kuna nani. Sisi wa Mwanza tuna mfano wetu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, aina ya Tupolev, ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kupiga ghala la mafuta la mji huu. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Wazee wanalisimulia kama kichekesho. Mimi kila nikipanda boti kwenda pale na wageni nawafikiria wale marubani. Ghala la mafuta wakati wa vita ni shabaha inayokubalika kisheria, hawakuwa na sababu ya kukataa. Na kama bomu lingekosea kwa kwenda upande wa pili, lingeangukia nyumba za watu. Hiari ya rubani ingekuwa wapi hapo?

Sasa kuna hali nyingine, ile ambayo amri ni haramu kabisa, askari anaijua, na bado kukataa maana yake ni risasi. Kesi inayosomwa na kila mwanasheria wa mambo ya vita ni ya kijana mmoja, Dražen Erdemović, wa jeshi la Waserbia wa Bosnia. Julai 1995, akiwa na miaka 23, alipelekwa na kikosi chake kwenye shamba la Branjevo. Mabasi yakaanza kuleta wanaume Waislamu waliokamatwa mji wa Srebrenica, kikosi kikaamriwa kuwaua. Alikataa. Akaambiwa kama anawahurumia, akasimame nao kwenye mstari. Ana mke nyumbani na mtoto mchanga. Akapiga. Baadaye yeye mwenyewe aliiambia mahakama kwamba huenda aliua watu kama 70.

Kesi yake ilipofika rufani kwenye mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia ya zamani, nchi ambayo Bosnia ilitokana nayo, huko The Hague, Oktoba 1997, majaji watano waligawanyika, watatu kwa wawili. Watatu walisema shurutisho, hata la kutishiwa kuuawa, haliwezi kumwachia huru kabisa askari aliyeua wasio na hatia. Linaweza kupunguza adhabu tu. Wawili walipinga, na hoja ya mmoja wao, Antonio Cassese, naiheshimu mpaka leo: ikiwa watu wale wangeuawa vyovyote vile, hata askari huyu angejitoa mhanga, je, sheria inamdai afe bure? Machi 1998 akahukumiwa miaka 5.

Nikifundisha vijana wa sheria wanapenda kubishana hapo kwa Cassese mpaka kengele inalia. Mimi huwarudisha kwenye alasiri ya siku ileile. Kikosi kilipomaliza pale shambani kililetewa amri nyingine: kuna watu wapatao 500 kwenye ukumbi wa mji mdogo wa Pilica, nendeni mkawamalize. Erdemović akakataa tena. Safari hii na wenzake kadhaa wakakataa. Hawakupigwa risasi. Watu wale wa ukumbini waliuawa na askari wengine, siyo na yeye, lakini yeye alikaa ng'ambo ya barabara akisikia milio. Asubuhi akiwa peke yake hakuwa na mlango. Jioni wakiwa wachache kidogo, mlango ukapatikana. Siwezi kukuambia kwamba itakuwa hivyo kila mahali. Ila kama mwanao ataniuliza ni kitu gani cha kujifunza depo, kambini kwa mafunzo ya mwanzo, ukiacha kulenga shabaha, nitamwambia ajue nani kwenye kikosi chake angesimama naye.

Njia zingine za kukataa ni za kawaida, tena askari wakongwe wanazijua kuliko sisi mawakili. Kumwomba afande arudie amri mbele ya wenzake. Kumuuliza jina la aliyeitoa huko juu. Kuomba iandikwe. Amri chafu haipendi karatasi. Baada ya hapo ni kuripoti kwa mkubwa wa huyo mkubwa. Hatari yake usifichwe: askari akikataa kwa kuikosea hesabu, amri ikaja kuonekana ilikuwa halali, mahakama ya kijeshi inamsubiri.

Wewe uko kwenye biashara ya samaki, kwa hiyo nikukumbushe jambo moja la ziwani. Mei 1994 mto Kagera ulileta maiti za mauaji ya kimbari kutoka Rwanda, zikapita maporomoko ya Rusumo, zikaingia Ziwa Victoria. Watu wa ukanda huu wakaogopa samaki. Wavuvi, wengi upande wa Uganda, wakaacha nyavu wakawa kazi yao kuopoa na kuzika. Waliotupa zile maiti mtoni, wengi waliambiwa wafanye hivyo. Mahakama iliyoundwa mwaka huohuo na kukaa Arusha kuwahukumu vigogo ilikuwa na kifungu kwenye hati yake: kuamriwa si kinga, ni jambo la kupunguza adhabu tu, haki ikitaka.

Hayo yote ni kuhusu kuua. Kuhusu kufa, mama, sheria haina maneno mengi.

Amri ya kushika daraja huku makombora yanaanguka ni halali. Amri ya kuvuka mto usiku ni halali. Amri ya kwenda kulinda amani nchi ya watu ni halali. Desemba 2017 askari wetu 14 waliuawa kwa usiku mmoja kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, mashariki mwa Kongo; hakuna aliyeamriwa jambo baya. Hata Kagera, hesabu iliyotolewa baada ya vita ilikuwa askari 373 wa Tanzania waliopoteza maisha, na waliouawa na adui kwenye mapigano hawakufika 100. Waliobaki ni ajali za magari, maradhi, silaha zilizolipuka mikononi. Raia wa Kagera waliouawa na majeshi ya Amin wanatajwa kufika 1,500, na hao hawakuulizwa lolote. Mwanao akiapa, anabaki na hiari ya kutomuua asiye na silaha. Hiari ya kutotumwa penye kifo ameikabidhi.

Na baba yako alikuwa na hiari ipi? Sijui alivyochukuliwa yeye. Nakusimulia baba yangu mdogo, naye mgambo, kutoka Magu. Mwalimu Nyerere alishatangaza redioni Novemba 1978 kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba mdogo anasema hilo tangazo alilisikia vizuri na akalikubali. Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi akaja na daftari. "Sikuulizwa kama nataka," anasema. "Niliulizwa kama nina viatu." Hakuwa navyo. Akaazimwa na kaka yake, yaani baba yangu, vya ngozi, vya kanisani, vinambana. Alivivaa mpaka Kyaka, daraja likiwa limeshavunjwa na Waganda, ndipo akapata buti. Angesema hapana angefanywa nini? Nilimuuliza. Alinitazama kama nimemuuliza angefanywa nini kama angekataa mvua.

Mwanao hayuko kwenye hali hiyo, na hapa ndipo ningependa mkae naye mezani. Mafunzo ya JKT aliyotoka nayo, ya mujibu wa sheria, hayakumfanya mwanajeshi wa JWTZ.  Kinachomfunga ni siku atakayosaini na kuapa. JWTZ wanaandikisha wanaotaka. Hakuna atakayekuja Igoma na daftari. Kwa sababu hiyohiyo sheria yetu haina utaratibu wa mtu kusema dini au dhamiri hainiruhusu kupigana, kama walivyokuwa nao Marekani enzi za kulazimishwa Vietnam. Bondia Muhammad Ali alikataa kuandikishwa mwaka 1967, akanyang'anywa ubingwa, na Mahakama ya Juu ikaja kumpa haki yake 1971. Ali alikataa kabla hajavaa gwanda. Aliyekwishavaa hana njia hiyo hapa kwetu.

Ndiyo maana jibu la swali lako la pili ni baya. Kuacha kazi kunafuata mkataba na ruhusa ya jeshi, na vita ikianza usitegemee ruhusa. Akiondoka bila ruhusa huo ni utoro, kosa la kijeshi, na adhabu yake inapanda sana askari akiwa kwenye operesheni. Nimewahi kuletewa kijana mtoro na mama yake, wakidhani ni kesi ya kuombea msamaha kama kuchelewa kazini. Nilimshauri ajisalimishe siku ileile, kabla ya kufuatwa. Mama yule aliondoka ofisini kwangu bila kuniaga, na simlaumu.

Kabla hajasaini, asome masharti yote ya mkataba, muda wa utumishi na namna ya kuachishwa. Aulize mafao yanalipwa vipi askari akifia kazini na akiumia. Penye jina la ndugu wa karibu aandike jina lililo sawasawa na la kitambulisho chako cha NIDA, herufi kwa herufi. Nimeona wajane wakihangaika miaka kwa sababu ya "h" moja.

Kuhusu mzee na radi, hilo si la wakili, lakini si uzee wala si mashetani. Linajulikana na lina tiba hata baada ya miaka 40 na zaidi. Mpelekeni hospitali ya Bugando, muulize kliniki ya afya ya akili, na mtakapofika semeni mapema kwamba alikuwa vitani, maana mwenyewe hatasema. Ikiwezekana asindikizwe na huyo mjukuu anayetaka kwenda jeshini.