Mwache aende na foronya yake

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza majogoo ya jirani hayakunipa nafasi. Unaniuliza kama mwanao Nassor, aliyetimiza miaka 14 na kukupita kimo, bado aende kugonga milango ya watu usiku wa Halloween kuomba pipi, au umwambie basi, umekua. Na jirani yako kakutia hofu kwamba huko kwenu Chesapeake, Virginia, kuna sheria.

Sheria tuimalize kwanza. Jirani hakukudanganya, ila habari yake imechacha. Tangu 1970 mji wenu ulikuwa na amri kwamba aliyezidi miaka 12 haruhusiwi, na adhabu iliweza kufika jela miezi sita. Jela, kwa pipi! Mwaka 2019 wakapandisha umri hadi 14 na kifungo wakakifuta. Nassor yumo. Mwakani ndiyo utanipigia tena.

Lakini wewe hasa unaogopa macho ya watu, na hilo nalijua lilikotoka. Umesahau yako? Mimi sijasahau. Kule Des Moines, Iowa, tulikokuwa tukiishi, watoto walikuwa wanatoka tarehe 30, usiku wanaouita Beggars' Night, utaratibu wa tangu 1938, na pipi hupewi hivi hivi, lazima umchekeshe mwenye nyumba. Ulikuwa na miaka 15. Ulijifunga kanga zangu, ukapaka nywele unga wa ngano zipate mvi, ukasema wewe ni bibi yako wa Tanga. Nyumba ya tatu mzee mmoja akafungua, akakutazama juu hadi chini, akakuuliza huoni haya. Wenzako akawapa, wewe akakuruka. Ukarudi nilikosimama, ukanipa foronya yako ya kutilia pipi nikushikie, ukasema unasikia baridi. Baridi ilikuwepo kweli, lakini uso wako nilikuwa nauona.

Mwaka uliofuata hukwenda. Usiku ule ule nilikaa dirishani mpaka saa sita bila kujua uko wapi wala na nani. Nilitamani sana kukuona na ile foronya.

Kwa hiyo mwache. Kijana wa miaka 14 anayekuomba ruhusa ya kwenda kuokota chokoleti bado anakuaga anapotoka. Huku kwetu wapiga ngoma ya daku wengine wana ndevu, na Ramadhani ikiisha wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua chao. Sijasikia mtu kawauliza umri. Na mkono wa Idi nani alimkataza kaka yako kudai? Aliacha mwenyewe, siku watoto wa mjomba wake walipomnyooshea yeye mikono, akajikuta anapapasa mifuko. (Kama Halloween yenyewe inafaa au haifai, hayo nilibishana na marehemu baba yako miaka kumi. Siyafukui.)

Kuna moja tu linaloninyima usingizi. Mtoto wetu ni mweusi na mrefu, na watu wa huko humhesabia miaka asiyo nayo. Tulipofika Marekani nilisimuliwa kisa cha Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, aliyepigwa risasi Baton Rouge mwaka 1992 kwa kukosea nyumba akitafuta sherehe ya Halloween. Kwa hiyo uso wake uonekane, asivae kinyago cha kumfunika wote. Asibebe kitu chochote chenye umbo la bunduki, hata cha plastiki. Aende mitaa inayomjua, kwenye nyumba zilizowasha taa ya mlangoni tu, na saa mbili usiku awe ndani.

Tena aende na Amina. Mdogo wake akishikwa mkono, wewe utapumzika, na mwenye nyumba akifungua ataona kaka na dada. Ila asiende na jinzi yake ya kila siku eti hiyo ndiyo nguo ya sherehe. Anayeomba pipi na ajitaabishe kidogo.

Kanga zile mbili bado ninazo, ya pili ina doa la unga lisilotoka. Nikipata mtu wa kuja huko nitampa amletee. Na umfundishe kichekesho kipya. Kile chako cha boga na daktari wa meno hata mimi kilinichosha.

Mama yako