Maswali na Majibu: Majina Yanayogombea Mikono ya Vijana wa Metali

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: majina yaliyoandikwa kwenye vichwa vya magitaa. Vijana wanaopiga muziki wa metali wanataka kujua kwa nini Jackson, Ibanez, ESP, Gibson na wenzao wanawaandama kila wanapofungua simu, na kama jina lina maana yoyote mtu akishachomeka waya. Mkiona wazo fulani linajirudia kwenye majibu yangu, ni kwa sababu naliamini kabisa: chapa zilizoshika mioyo ya wapiga metali ni zile zilizomsikiliza mpigaji aliyetaka kitu ambacho dukani hakikuwepo.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini magitaa ya metali yana pembe na ncha kali? Ni lazima? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Si lazima hata kidogo. Tony Iommi wa Black Sabbath, ambaye wengi tunamhesabu baba wa rifu nzito (vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia), alijulikana na Gibson SG, gitaa lenye vipembe viwili vidogo tu.

Ncha zenyewe ni za zamani kuliko metali. Gibson ilitoa Flying V, gitaa lenye umbo la herufi V, na Explorer lenye pembe mwaka 1958, wanunuzi wakayakataa, yakasitishwa baada ya muda mfupi. Waliolipenda Flying V mapema ni watu wa bluzi kama Albert King. Muziki ulipoanza kuwa mzito miaka ya 1970, maumbo yale yakatafutwa upya, na mafundi wengine wakaingia uwanjani: Bernardo Chavez Rico wa Los Angeles na chapa yake B.C. Rich, na Dean Zelinsky wa Chicago, ambaye gitaa lake la ML lina nusu ya juu ya Explorer na nusu ya chini ya Flying V.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Randy Rhoads, mpiga gitaa wa Ozzy Osbourne. Desemba 1980 alimwendea Grover Jackson, aliyekuwa mwenye kampuni ya Charvel, na wazo la gitaa la mabawa mawili yasiyolingana. Kilichotengenezwa kilikuwa kigeni kiasi kwamba Jackson hakutaka kukiita Charvel, akaandika jina lake mwenyewe kichwani. Rhoads alipoona watu bado wanalichanganya na Flying V, akaagiza la pili, jeusi, ubawa mmoja ukiwa mfupi zaidi. Hakukaa nalo sana. Alifariki kwenye ajali ya ndege Florida tarehe 19 Machi 1982, akiwa na miaka 25. Gitaa hilo linaitwa Rhoads mpaka leo, na chapa ya Jackson ilianza kwa ombi la mteja mmoja.

Ukilinunua, jua jinsi ya kukaa nalo. Gitaa la umbo la V ukiliweka juu ya paja la kulia kama la kawaida linateleza. Liweke katikati ya mapaja, bawa moja juu na moja chini, shingo ikiwa imeinuka. Mkono wa kushoto nao utapumua.

Nyuzi saba, nyuzi nane, sasa naona hata tisa. Hii si biashara tu ya kutuuzia magitaa mapya? (Mpiga rhythm, Nairobi)

Ungeuliza swali hili mwaka 1993 ningekubaliana nawe. Ibanez ilitoa Universe, gitaa la nyuzi saba, mwaka 1990 kwa sababu mpiga gitaa Steve Vai alilitaka. Lilikuwa gitaa zuri lililokosa kazi. Wapigaji wengi hawakujua ule uzi wa ziada waufanyie nini, na mauzo yakadorora.

Halafu wakaja vijana wa bendi ya Korn kutoka Bakersfield, California. Kwenye albamu yao ya kwanza ya 1994, wapiga gitaa wao, Munky na Head, walizishusha nyuzi za magitaa yao ya Ibanez toni nzima, ule wa chini ukafika noti ya A. Uzi ambao Vai aliutumia kupanua uwanja wa solo zake, wao waliufanya ngoma. Ghafla kila kijana aliyetaka uzito ule akauliza ni gitaa gani lile, na jibu lilikuwa jina moja. Ibanez ilikuwa imekaa na kitu hicho miaka minne, ikimngoja mtu wa kukielewa. Mwaka 2001 ikawapa Korn gitaa lao wenyewe, K7.

Nane zina kisa kama hicho. Bendi ya Meshuggah ya Umeå, Sweden, ilikuwa inahitaji uzi unaoshuka mpaka noti ya F bila kulegea na kugonga freti, vile vyuma vilivyopita shingoni. Ukishusha uzi wa gitaa la kawaida kiasi hicho unabaki kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yake ni uzi mnene zaidi na nafasi ndefu zaidi kati ya kichwa na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Gitaa la Gibson kwa kawaida lina inchi 24.75, la Fender 25.5. Ibanez iliwatengenezea Meshuggah magitaa marefu kuliko hayo kwa agizo maalumu, na mwaka 2007 ikatoa RG2228 la inchi 27 kwa ajili ya kila mtu.

Kwa hiyo biashara ipo, ndiyo, lakini ilifuata haja ya kweli. Swali lako liwe hili: je, kuna rifu kichwani mwako isiyopigika kwenye nyuzi sita? Kabla ya kujibu, kumbuka kwamba Iommi alishashusha nyuzi zake sita mpaka C-sharpu mwaka 1971. Shusha kwanza zako. Ukifika mahali uzi unalegea na bado unataka kwenda chini, hapo saba ni zako kwa haki.

Chema chajiuza. Kama gitaa ni zuri, kwa nini kampuni zinawalipa wasanii walipige? Na mbona wanahama hama? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwenye magitaa chema hakijiuzi, kaka, kwa sababu mnunuzi wa miaka 15 hawezi kusikia tofauti kati ya magitaa mawili kupitia video ya simu. Anachoweza ni kuona. Anaona mkono wa mtu anayemhusudu, anaona jina kichwani. Ndiyo maana vichwa vya magitaa ya metali vimechongwa kwa maumbo yanayotambulika kutoka mwisho wa ukumbi, na kampuni zinavilinda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mapatano hutofautiana. Msanii anaweza kupewa magitaa bure, au bei nafuu, au, akiwa mkubwa, gitaa lenye jina lake na asilimia ya kila linalouzwa. Wengine huhama kwa sababu ya fedha na wengine kwa sababu kampuni imebadilika mikono. Dave Mustaine wa Megadeth amepita Jackson, ESP na Dean kabla ya kutangazwa na Gibson mwaka 2021, na sauti ya mkono wake wa kulia imebaki ile ile. Huo ni ushahidi mzuri kuhusu mkono na jina, kipi kinabeba kingine.

Kirk Hammett wa Metallica amekuwa na ESP tangu miaka ya 1980, na hiyo ni sehemu kubwa ya sababu vijana duniani kote wanaijua kampuni hiyo ya Tokyo, iliyoanza mwaka 1975 kwa kuuza vipuri na kukarabati. Lakini Hammett huyo huyo ana Gibson Les Paul ya mwaka 1959 iliyowahi kuwa ya wapiga gitaa Peter Green kisha Gary Moore, na Gibson imetoa nakala zake. Mtu mmoja, majina mawili, na mashabiki wa pande zote wananunua.

Mwanangu ana miaka 14, anataka gitaa la Jackson lenye ncha. Baba yake anaona ni anasa. Fundi wa kanisani anasema lolote linatosha. Tumsikilize nani? (Mama, Kisumu)

Mama, wote watatu wana sehemu ya ukweli, ila naomba nianze na mtoto. Gitaa ambalo mtoto analipenda kwa macho ndilo analolishika asubuhi kabla ya kunywa chai. Msimnyime umbo analolitaka, wakati uamuzi mkubwa ni wa kiwango.

Karibu kila chapa ina ngazi. Jackson ina JS kwa wanaoanza. ESP ina LTD, Gibson ina Epiphone, Ibanez ina Gio. Haya ya chini mara nyingi hutengenezwa Indonesia au China, na mara nyingine jina moja na jingine hutoka kwenye kiwanda kimoja. Cort ya Korea, yenye kiwanda Indonesia, imewatengenezea Ibanez, na pia chapa ya PRS magitaa yake ya ngazi ya SE, na huku inauza ya kwake kwa jina lake. Mimi kijana akiniambia fedha ni chache na hana jina linalomkaa moyoni, namwonyesha Cort.

Mkienda kuliangalia, hasa kama limetumika, mwambieni fundi afanye hivi mbele yenu. Abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha achungulie katikati, karibu na freti ya saba. Pawe na upenyo wa kupitisha karatasi au kadi nyembamba. Pakiwa na upenyo mkubwa, shingo imepinda. Inaweza kukazwa kwa ufunguo wake, lakini ikazwe kabla hamjalipa. Kisha apige kila freti ya kila uzi, noti moja moja, asikilize inayokwaruza au kufa.

Na likiwa na daraja la kuelea (linaloshikiliwa na mvutano wa nyuzi na springi) la aina ya Floyd Rose, liacheni kwa sasa. Ni uvumbuzi mzuri sana kwa anayejua kulitunza, ila la bei ndogo huchakaa upesi, na uzi mmoja ukikatika nyingine zote hupoteza tyuni. Mtoto atatumia jioni nzima kutyuni badala ya kupiga. Fedha itakayookolewa hapo iende kwenye ampu. Metali kwenye ampu mbovu ni kelele za nyuki, hata gitaa liwe la jina gani.

Nimepata Gibson Les Paul mtandaoni kwa bei ya kutupa. Na je, gitaa linalofanana na Gibson ni feki? (Kijana, Kampala)

La kwanza: usilipe kabla hujalishika. Kichwani kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili. Feki nyingi zina tatu. Si kipimo pekee, lakini kimewaokoa watu wengi.

La pili ni jambo tofauti. Feki huandika jina ambalo si lake. Linalofanana lina jina lake halali na umbo la kuazima, na hapo ndipo mawakili wanapokula. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson iliwashtaki waliokuwa wakiuza Ibanez Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa; wakapatana. Ibanez ikaelekeza nguvu kwenye maumbo yake yenyewe, na miaka kumi baada ya kesi ile, mwaka 1987, ilitoa RG, ambalo leo vijana wengi wa metali wakifumba macho ndilo wanaloliona.

Mwaka 2019 Gibson ikawashtaki wenye Dean, ikidai Flying V na Explorer ni maumbo yake, na mwaka huo huo ikatoa video ya kuwaonya watengenezaji wengine. Wapigaji walikasirika mpaka video ikaondolewa. Naielewa Gibson kutetea ilichokibuni, lakini kwangu maumbo yale yaliokolewa na wapigaji na mafundi wadogo wakati yenyewe ilikuwa imeyaacha. Kuwatisha watu hao ilikuwa kosa, na vijana hawakusahau.

Nikipanda jukwaani na gitaa lisilo na jina, si watanicheka? (Mombasa)

Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen, alinunua mwili wa gitaa wa daraja la pili kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akaviunga mwenyewe na kuupaka mwili rangi ya baiskeli. Baadaye kampuni zilipigania kutengeneza kitu kama kile. Nairobi imetoa bendi kama Last Year's Tragedy na Duma, na sijasikia shabiki akizitaja kwa chapa za vyombo vyao. Hakikisha tu umetyuni.

Kuna msichana yeyote mwenye gitaa lake kwenye metali, au haya majina ni ya wanaume tu? (Msichana wa bendi, Arusha)

Yupo, dada. Ibanez ilitoa JIVA mwaka 2018, gitaa la Nita Strauss, aliyejulikana akimpigia Alice Cooper. Imechelewa mno ukifikiria wanawake wangapi wamekuwa wakipiga muda wote huo. Tafuta video zake uangalie mkono wa kulia, jinsi unavyozima nyuzi kwa ukingo wa kiganja. Hiyo ni shule tosha.

Gitaa langu lina pikapu za betri. Sauti imeanza kufifia na kukwaruza, rafiki anasema niliuziwa feki. (Zanzibar)

Usikimbilie huko. Pikapu ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, na zile za betri, kama EMG zilizoenea kwenye metali kupitia Metallica, hutumia betri ya volti 9 iliyofichwa nyuma ya gitaa. Betri ikikaribia kuisha sauti huwa kama unavyoeleza. Weka mpya. Na uwe unachomoa waya kila ukimaliza kupiga, kwa sababu kuchomeka waya ndiko kunakoiwasha betri. Ukiuacha usiku kucha inajimaliza yenyewe. Kama bado inakwaruza baada ya hapo, shida huenda iko kwenye tundu la waya au kwenye waya wenyewe. Jaribu waya mwingine, kisha uniandikie.