Baba hataki kupasuliwa na roboti

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 66 na amegundulika ana saratani ya tezi dume. Tumemtafutia matibabu India, na daktari wa huko ameshauri upasuaji wa roboti. Baba amegoma. Anasema, "Chuma kikinikosea, nitamdai nani?" Kaka yangu naye anambana akubali, eti mashine haikosei kama binadamu. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, na nakwambia wazi: swali la baba yako ni zito kuliko hoja ya kaka yako, nalo lina jibu.

Roboti iliyoenea zaidi katika upasuaji huu inaitwa da Vinci. Marekani iliiruhusu mwaka 2000. Haiamui kitu wala haikati yenyewe. Daktari anakaa hatua chache kutoka kitandani, uso kauegemeza kwenye kioo kinachomkuzia picha ya ndani ya tumbo, vidole kavitia kwenye vishikio. Akipinda kiganja, kifaa kidogo kilichomo tumboni nacho kinapinda, ila kutetemeka kwa mkono kunachujwa. Akiondoa uso kwenye kioo, vifaa vinasimama papo hapo. Daktari msaidizi na wauguzi wanabaki pembeni ya mgonjwa, na mashine ikikwama inaondolewa, kazi inamaliziwa kwa mikono. Basi mwambie mzee kwamba wa kumdai yupo, ni yule bingwa anayekaa pale kwenye kioo. Watu wengi hukataa kwa kudhani wanaachwa peke yao na chuma, na ni haki yao kuogopa kama hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Kaka yako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio moja. Washiriki waliongozwa na roboti hadi kwenye chumba, kisha moshi ukajazwa kwenye korido na king'ora kikalia. Wote 26 waliifuata roboti kutafuta njia ya kutokea, ingawa nusu yao walikuwa wameiona dakika chache tu kabla ikiongoza vibaya. Mtu akiwa na hofu anataka wa kumshika mkono, na mashine yenye sura ya kujiamini inatosha kumvuta. Familia yenye mgonjwa wa saratani iko kwenye moshi huo huo.

Na matokeo yenyewe? Madaktari wa Brisbane, Australia, walilinganisha upasuaji wa roboti na ule wa kawaida kwa wagonjwa wa tezi dume. Wa roboti walipoteza damu pungufu kuliko wenzao, lakini baada ya miaka miwili uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo mzee akichagua kisu cha kawaida mikononi mwa bingwa mzoefu, msimwone mshamba.

Mimi ningeangalia zaidi mikono ya daktari. Nyingi ya mashine hizi hazimpi hisia ya kugusa nyama, anategemea macho, na hilo linataka mazoea. Kabla ya kukata tiketi, ombeni kuzungumza naye kwa simu. Amefanya upasuaji huu wa tezi dume kwa wagonjwa wangapi? Ni yeye mwenyewe atakayekaa kwenye mashine, au mwanafunzi wake? Ni wangapi ilibidi awabadilishie katikati, awapasue kwa njia ya kawaida? Bingwa wa kweli hachukii maswali haya. Akikwepa, tafuteni mwingine.

Simu hiyo aongee baba mwenyewe, nyinyi mkae pembeni. Na kabla hata ya India, mpelekeni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, aulize kama mionzi inamfaa, maana kwa baadhi ya wagonjwa wa tezi dume upasuaji si njia pekee.